Dawa Mbili za Uso wa Yaya

Tangu siku niliponunua telefone ya kioo kikubwa, watu wa nyumbani kwangu hawakupumzika tena. Asubuhi nilikaanga mikate ya mafuta na kuiuza mbele ya maofisi ya mtaa wa Kasuku, na mchana, moto ukishazimika, niliketi na telefone nikitafuta jambo jipya la kujaribu. Nilisuka vikapu kwa chupa za plastiki, vikakatika mipini siku ya kwanza ya soko. Nilioka keki ndani ya sufuria yenye mchanga wa mto Lualaba, kama mwanamke mmoja alivyoonyesha kwenye video. Chini iliungua, juu ikabaki uji, nami nikawalazimisha watoto waile yote kwa sababu mayai yalikuwa yameshavunjwa. Nilimpaka binti yangu avoka na asali kichwani, nikamkalisha juani mpaka sisimizi wakampanda shingoni. Alipolia, nilimcheka.

Mimi si mtu mwema sana. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akanitafutia udhuru.

Nilikuwa na dada mmoja tu, aliyenizidi miaka minne. Kwetu dada mkubwa tunamwita yaya, na sijawahi kumwita kwa jina jingine. Aliishi na mama yetu, akiuza sabuni na mikate, katika kiwanja kilekile tulichozaliwa, mwendo mfupi kwa moto, yaani pikipiki, kutoka kwangu. Upande wa kushoto wa uso wake, kutoka chini ya jicho mpaka kwenye taya, ngozi ilikuwa imejikunja na kung'aa, na pembe ya mdomo ilivutwa juu kidogo, hata wageni wakadhani anawadharau. Ili nieleze nilichomfanyia, lazima kwanza nieleze alichofanyiwa na mama.

Wakati wa vita mji wetu ulifungwa. Gari la moshi halikuja, boti hazikupanda mto, na njia za kwenda Kailo na Kibombo zilikuwa mikononi mwa wenye bunduki. Chumvi iliisha kwanza, kisha sabuni. Wanawake wakaanza kutengeneza kila kitu kwa mikono. Mama alikata majani ya kando ya mto, akayakausha, akayachoma, akachuja majivu yake kwa maji na kuyachemsha maji yale mpaka ikabaki chumvi ya kijivu, chungu, tuliyoilamba kama sukari. Kwa sabuni alichoma mikungu ya mangazi, yaani matunda ya michikichi, iliyokwisha kutolewa mbegu, akajaza majivu ndani ya kikapu kilichotandikwa majani ya migomba, akamimina maji juu. Yaliyodondoka chini yalikuwa na rangi ya chai. Aliyachemsha tena na tena mpaka yakawa makali. Ili kuyapima alichovya unyoya wa kuku. Unyoya ukilainika na kuyeyuka, maji yalikuwa tayari kuchanganywa na mafuta ya mawese. Hakuna aliyemfundisha. Alikosea mara nyingi, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka daima.

Siku moja mchana mwanamke alipita mbio mbele ya nyumba yetu. Bila kusimama akasema, "Wanaingia nyumba kwa nyumba kule karibu na soko. Wanatafuta mabinti wa kuwapikia."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hata mimi nilijua kwamba waliopelekwa kupika hawakurudi jioni.

Mama hakulia wala hakukimbia. Alinitazama mimi, mbavu nje na mapunye kichwani, akasema, "Wewe bado." Kisha akamtazama yaya. Yaya alikuwa na miaka kumi na mitano, na watu walikuwa wakigeuka njiani kumtazama. Mama akaenda jikoni, akarudi na chungu cha maji ya majivu.

"Kaa," akamwambia yaya.

"Mama, unataka kufanya nini?"

"Kaa, nimesema."

Yaya akakaa kwenye kigoda. Mama akazungushia kitambaa kwenye kijiti, akanigeukia. "Wewe, shika kichwa yake. Shika nguvu. Akitikisika, itaingia mu macho."

Nilishika. Nilimbana kichwa kifuani kwangu kwa mikono miwili, na mama akampaka upande mmoja, kutoka chini ya jicho kwenda chini, taratibu, kama mtu anayepaka udongo ukutani. Yaya alipoanza kupiga kelele, mama alimziba mdomo kwa kiganja na kuendelea. Hakumwagia maji safi mpaka ngozi ilipobadilika rangi.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Wakati nimemshika, sehemu ndogo ya moyo wangu ilifurahi. Maisha yangu yote nilikuwa nimeambiwa, angalia dada yako alivyo. Niliwaza kwamba sasa hawataniambia tena.

Askari wawili walifika kabla jua halijaanza kushuka. Mmoja alisimama mlangoni, akamwona yaya ameketi, uso umevimba na unatoa maji. Akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu iko na nini?"

"Ukoma," mama akasema.

"Na ule mudogo?"

"Anaanza."

Wakaondoka. Hawakwenda mbali, waliingia kwa jirani. Jirani alikuwa na binti wa umri wa yaya, na wawili hao walitwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja karibu kila siku, kinu kimoja, michi miwili. Tulisikia mlango ukipigwa, tukamsikia mama yake akiomba, kisha tukasikia viatu vikiondoka.

Yaya, uso ukiwaka, akasema kwa taabu, "Mama, maji ilibaki mu chungu. Tungeita jirani."

"Nyamaza," mama akasema.

Kesho yake alipika sabuni kwa maji yale yaliyobaki. Ilikuwa sabuni nzuri, ngumu, yenye povu. Tuliogea sote, mimi wa kwanza. Binti wa jirani alirudi baada ya muda mrefu, mtoto mgongoni, na familia yote ikahamia Kibombo. Katika muda wote huo mama yake hakumsalimia mama yangu tena, hata walipokutana kisimani, ndoo kwa ndoo.

Vita viliisha. Mimi nilikua, nikapata mtoto nikiwa na miaka kumi na saba, na baba yake akapotea. Nilimwachia yaya mtoto akiwa hajaacha ziwa vizuri, nikaenda kwenye machimbo ya Kama kuwapikia wachimba dhahabu. Nilikaa huko miaka mitatu. Niliporudi, mtoto alinitazama na kujificha nyuma ya kikwembe cha yaya. Nilimvuta mkono nikampiga, nikamwambia mama yako ni mimi.

Yaya mwenyewe hakuolewa. Fundi mwashi mmoja wa Kailo alikuja kumsalimu mara mbili, akaleta samaki. Mara ya tatu alimtuma shangazi yake aje kuuliza kama ugonjwa wa uso ulikuwa umekwisha. Mama alimfukuza yule shangazi kwa mwiko. Yaya aliwatia chumvi samaki waliobaki, akawaanika. Habari ya mwashi iliishia hapo.

Basi, binti yangu akapata mchumba. Alikuwa kijana wa watu wa Butembo, wenye duka la vyombo karibu na soko, watu wa kanisa, wenye gari linalosafiri. Nilijiona nimefika. Walipokuja kujitambulisha, nilikodi viti, nikapika wali, kuku na samaki, na yaya akapakua chakula kwa sababu hakuna aliyejua kukirimu kama yeye. Shangazi wa kijana, mama mnene mwenye miwani, alimtazama akizunguka na sahani. Akaniinamia sikioni.

"Mama mukwe, unisamehe kuuliza. Ile kitu ya mu uso ya ule mama, iko ya ukoo?"

"Hapana, mama. Njo moto. Aliungua akiwa mutoto."

"Aa. Kwa sababu watoto wanaweza kuzaliwa nayo."

"Ni moto tu," nikasema, na masikio yangu yakapata joto.

Wageni walipoondoka, sikumsaidia yaya kuosha vyombo. Nilichukua telefone, nikaandika kuhusu makovu. Video zilikuja nyingi. Niliyoichagua ilikuwa ya msichana mwenye ngozi laini isiyo na hata kipele. Alisema kovu la miaka ishirini linaondoka kwa siku chache, na kwa vitu vya jikoni tu: kitunguu saumu kilichotwangwa, ndimu, bikaboneti ya kuumulia keki, kisha plastiki juu yake ili joto lisitoke. Aliweka picha mbili, ya kabla na ya baadaye. Hata mimi niliona kwamba pua hazifanani. Niliona, nikaendelea kutazama.

Nilimpelekea yaya telefone uani, mikono yake ikiwa ndani ya beseni.

"Acha," akasema. "Miye nilizoea."

"Wewe ulizoea. Watu wa Butembo hawajazoea."

Alisuuza sahani mbili, tatu. Nikaendelea, maana ninapoanza siachi. "Siku ya harusi utasimama kati yetu. Kila muntu ataangalia wewe, hataangalia mutoto. Unataka hivyo?"

Yaya akafuta mikono kwenye kikwembe. "Lete nione."

Aliitazama video mara tatu. Mara ya tatu alipeleka kidole kwenye kioo, akagusa shavu la yule msichana, na picha ikasimama. Akashtuka, akadhani ameharibu. Nikaiendesha tena.

"Inauma?" akauliza.

"Kidogo tu."

Tulifanya zikiwa zimebaki siku kumi kabla ya harusi, asubuhi, nyumbani kwangu. Nilitwanga kitunguu saumu kingi kuliko alivyosema yule msichana, kwa sababu kovu la yaya lilikuwa kubwa. Nikamkalisha kwenye kiti, nikampaka, nikafunika kwa plastiki ya mkate, nikafunga kwa kitambaa kuzunguka kichwa. Msichana wa video alisema dakika ishirini. Mimi niliwaza kwamba dakika ishirini ni za watu wenye kovu dogo.

"Inaanza kuchoma," yaya akasema.

"Ile inachoma njo inafanya kazi. Usitoe mpaka nirudi."

Nikapanda moto kwenda kwa fundi cherehani. Fundi alikuwa ameshona mikono ya libaya yangu, yaani blauzi, kinyume, tukagombana, akaifumua, nikamsimamia mpaka alipomaliza. Nilinunua pia viatu. Njiani nilimkumbuka yaya, nikamwambia dereva aongeze mwendo. Hata hivyo nilipoona nyanya nzuri kando ya barabara, nilisimama.

Nilimkuta pale pale nilipomwacha. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, na jicho la kulia lilikuwa jekundu kwa machozi. La kushoto lilikuwa limefumba chini ya kitambaa. Binti yangu alikuwa amepiga magoti mbele yake.

"Nimemwambia atoe," binti yangu akasema bila kunitazama. "Amekataa. Anasema ulimwambia asitoe."

"Yaya, kama iliuma sana si ungetoa?"

"Ulisema nisitoe," yaya akasema.

Nilifungua kitambaa. Plastiki ilipoondoka, ngozi iliondoka nayo, ile ya kovu na ile nzima iliyokuwa pembeni yake. Chini palikuwa pekundu na pabichi. Binti yangu akatoka nje, nikamsikia akitapika karibu na choo.

Kwenye zahanati, muuguzi aliuliza ni nini. Nikawahi kujibu. "Mafuta ya moto. Tulikuwa tunakaanga mikate."

Muuguzi akainama, akanusa. "Mafuta inanuka kitunguu saumu?"

"Njo kitunguu saumu," yaya akasema. Aliongea polepole ili shavu lisitikisike. "Mudogo wangu aliona mu telefone."

Muuguzi hakushangaa. Alisema wiki iliyopita alikuja mwingine, aliyepaka dawa ya meno na sabuni ya unga. Kisha akanitazama mimi, si yaya. "Na wewe mwenyewe, mama, ulijaribu kwanza ku ngozi yako?"

Sikujaribu. Wala sikuwahi kuwaza kujaribu. Ngozi yangu naitunza.

Tulimrudisha yaya nyumbani kwa mama, shavu lote limefunikwa kwa bandeji. Mama ni mzee sasa, macho yake yana ukungu, lakini alisikia harufu ya dawa kabla hatujaketi. Alimwita yaya amsogelee, akapapasa ukingo wa bandeji kwa vidole vyake. Akauliza nani. Nikaeleza. Nilieleza maneno mengi: video, harusi, watu wa Butembo, nia yangu nzuri. Aliniacha nimalize.

"Miye nilikuwa na sababu," akasema.

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia asijilinganishe na mimi, kwamba yangu ilikuwa bahati mbaya na yake ilikuwa kusudi. Lakini yaya alinitangulia, na hakuongea nami.

"Ndiyo, mama. Ulikuwa na sababu. Na siku ile mwingine alienda mu nafasi yangu."

Katika miaka yote hiyo hawakuwahi kuligusa jambo hilo. Mama alitafuna mdomo mtupu kama wafanyavyo wazee wasio na meno.

"Ningefanya tena," akasema.

"Najua," yaya akajibu. Kisha akanigeukia. "Na wewe?"

"Sikujua itakuwa hivi, yaya."

"Haukutaka kujua."

Hakupandisha sauti. Akaenda kulala kwa ubavu wa kulia, na mimi nikaenda kutafuta moto wa kunirudisha, kwa sababu viatu vipya vilikuwa vinanibana.

Siku ya harusi ilifika kidonda hakijafunga. Nilimnunulia yaya kitambaa cha kichwa cha lesi, rangi ya dhahabu kama vyetu, kipana, ili akishushe upande wa kushoto. Nilidhani ni zawadi nzuri. Alikiacha juu ya kitanda kimekunjwa vilevile, akaja kanisani uso wazi, kidonda kinang'aa kwa dawa ya mafuta. Binti yangu alipomwona, aliacha mstari wa wasimamizi wake, akaenda akamshika mkono, akamkalisha kiti cha mbele, kile nilichokuwa nimejitengea mimi. Shangazi mwenye miwani alihamisha kiti chake kidogo. Mimi niliketi mstari wa pili, na nikaona wivu ule wa utotoni, mzimamzima, kana kwamba sijaishi siku hata moja tangu wakati ule.

Hiyo ndiyo iliyonifanya nimfuate mpiga picha. Alikuwa amesimama karibu na mlango akibadilisha betri.

"Yule mama wa mbele," nikamwambia, "unaweza kumusafisha kidogo mu picha?"

"Iko rahisi, mama. Kazi ya dakika moja."

"Basi umusafishe mu zote."

Albamu ilikuja baada ya majuma matatu. Tuliifungua kwa mama, mimi, yaya na binti yangu, ambaye alikuwa amebakisha siku mbili kabla ya kumfuata mumewe kwao Butembo. Sisi sote tulikuwa kama tulivyo, wenye jasho, wenye mikunjo. Katikati yetu, kila ukurasa, aliketi mwanamke mweupe kidogo, mwenye mashavu ya mtoto na macho makubwa, mdomo umenyooka. Mpiga picha alikuwa amefanya kazi kwa bidii.

Yaya alifungua kurasa taratibu mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Akaweka kidole.

"Huyu ni nani?"

Aliuliza kweli. Nilimwona akitafuta kati ya majina ya wageni.

"Njo wewe, mama mukubwa," binti yangu akasema. Kisha akanitazama mimi, akaelewa bila kuambiwa. Alitoka, akapanda moto mpaka kwa mpiga picha kuomba picha za mwanzo, kabla hazijaguswa. Alirudi mikono mitupu. Mpiga picha alikuwa ameshazifuta ili apate nafasi ya harusi nyingine. Alisema hakuna mtu aliyewahi kuziomba zile mbaya.

Binti yangu alichukua mkasi wa mama, akakata uso ule kwenye picha moja baada ya nyingine, picha zote, akavitia vipande motoni. Albamu sasa ina matundu. Kaniachia mimi, yeye hakuitaka.

Kidonda cha yaya kilifunga baadaye, kikawa cheusi kuliko mwanzo, na kimeivuta kope ya chini, kwa hiyo jicho lile halifumbi vizuri tena na hutoa machozi kwenye vumbi. Sabuni na mikate bado anauza. Kwangu bado anakuja Jumapili baada ya misa, tunakula pamoja.

Binti yangu anaishi Butembo. Nikimpigia, anasema mtandao unakatika, na kweli unakatika, kila mara palepale, baada ya salamu. Yaya humpigia naye huongea mpaka vocha iishe. Ni yeye anayeniletea habari: kwamba mtoto wangu ana mimba ya miezi sita, kwamba baridi ya kule inamchosha, kwamba shangazi mwenye miwani anamtunza vizuri kuliko tulivyodhani. Ananiambia yote, hanifichi kitu, huku akimenya mihogo.

Juzi nilimuuliza kama binti yangu alikuwa ameniulizia.

"Hapana," yaya akasema, akachukua muhogo mwingine.